Ngao ya Miezi Sita

Kina mama wengi wanaolea mtoto mwenye selimundu husimulia jambo moja. Mtoto alizaliwa salama, akanyonya, akanenepa, majirani wakamsifu. Alipokaribia miezi sita, vidole vya mikono na miguu vikavimba, akawa analia usiku kucha. Ndipo maneno yanapoanza. Huyu atasema ni jicho la watu, yule atamnyooshea mama kidole kwamba kwao kuna damu mbaya.

Tumeona ni vema wasomaji wetu wajue kwamba ile miezi michache ya amani ina sababu yake.

Damu yetu ni nyekundu kwa ajili ya himoglobini, kitu kilichomo ndani ya seli nyekundu, ambacho hubeba hewa ya oksijeni. Mtoto akiwa tumboni hutumia himoglobini ya namna yake, yenye uwezo mkubwa wa kuvuta oksijeni kutoka katika damu ya mama. Akishazaliwa, mwili huacha kidogo kidogo kuitengeneza na kuanza kutengeneza ile ya kikubwa. Kwa mwenye selimundu, hii ya kikubwa ndiyo yenye kasoro. Inapoishiwa oksijeni hushikana, na seli iliyokuwa laini na ya mviringo hupinda kama mundu, ikaziba mishipa midogo. Hapo ndipo penye maumivu. Mwaka 1948 daktari wa watoto huko New York, mwanamke aitwaye Janet Watson, alitambua kwamba watoto wachanga hawaonyeshi ugonjwa huu, akahisi kwamba himoglobini ya tumboni ndiyo inayowakinga.

Basi nani anayeizima? Jibu lilichukua miaka sitini. Mwaka 2008 watafiti wa Boston walionyesha kwamba jeni iitwayo BCL11A hufanya kazi kama swichi ya taa: ndiyo inayozima himoglobini ya tumboni. Miaka minne baadaye Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna wakaeleza namna ya kukata jeni mahali panapotakiwa, kama fundi cherehani akataye kwa kufuata chaki. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2020.

Mwezi Julai 2019 Victoria Gray, mama wa watoto wanne kutoka Mississippi, Marekani, alitibiwa kwa njia hiyo. Seli zizaazo damu zilitolewa mwilini mwake, swichi ikakatwa maabara, kisha akarudishiwa. Maumivu makali yaliyokuwa yakimlaza hospitali tangu utotoni yakakoma. Uingereza iliidhinisha tiba hiyo Novemba 2023, na Marekani mwezi uliofuata, kwa wagonjwa wa miaka 12 na zaidi.

Lakini tusidanganyane. Bei iliyotangazwa Marekani ilikuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Tena, kabla ya kurudishiwa seli hizo, mgonjwa hupewa dawa kali za kusafisha uboho wa mifupa, nazo zaweza kumwondolea uwezo wa kuzaa. Kwa familia zetu nyingi, habari hii bado iko ng'ambo ya bahari.

Iliyo karibu ni hidroksiurea, dawa ya kumeza ambayo huuchochea mwili kutengeneza tena ile himoglobini ya tumboni. Watoto zaidi ya 600 wa Angola, Kongo, Uganda na Kilifi nchini Kenya walipewa dawa hiyo katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019. Maumivu yalipungua, kuongezewa damu kukapungua, hata malaria na vifo vikapungua. Si dawa ya kujinunulia dukani, kwa maana damu hupimwa mara kwa mara mtoto akiwa anaitumia.

Na ile damu mbaya? Mtoto hupata selimundu kwa kurithi jeni yenye kasoro kutoka kwa baba na kutoka kwa mama, wote wawili, hata kama wao wenyewe hawaumwi. Wazazi wote wakiwa nayo moja moja, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba mwenye jeni moja tu hukingwa dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana imeenea penye mbu wengi. Wakwe wanaolaumu wangefaa kuambiwa hili.

Mwenye wasiwasi asingoje vidole vivimbe. Tone la damu ya kisigino latosha kumpima mtoto angali mchanga. Akionekana anao, huanzishiwa penisilini ya kila siku mpaka afikishe miaka mitano, kwani bandama yake huharibika mapema na vijidudu humshinda upesi. Akipata homa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.