Kuvu wa Mizizini na Dawa za Uvimbe

Ng'oa mche wa mwarobaini, kisha uukung'ute taratibu. Udongo unaodondoka ni wa shamba zima. Ule unaong'ang'ania mizizi, tabaka la milimita chache tu, ndio unaotafutwa na wanasayansi. Mwaka 1904 Mjerumani Lorenz Hiltner aliliita tabaka hilo rizosfia.

Mizizi humwaga sukari na asidi, na chakula hicho huvuta bakteria na kuvu kwa wingi. Katika kugombea riziki, kuvu wengi hutengeneza kemikali za kuwadhibiti wenzao. Baadhi ya kemikali hizo hutuliza pia seli zinazosababisha uvimbe mwilini.

Ili kuzipata, udongo huchanganywa na maji safi, na tone lake hupakwa kwenye agari, yaani jeli ya kukuzia vijiumbe, yenye dawa ya kuzuia bakteria. Kila kuvu anayeota hutengwa na kukuzwa peke yake, mara nyingi juu ya mchele uliopikwa. Kemikali zake hujaribiwa kwenye seli za kinga za panya zilizochokozwa kwa sumu ya ganda la bakteria. Seli hizo hutoa nitriki oksaidi, na kitendanishi kikitiwa, majimaji hugeuka rangi ya waridi. Rangi ikififia huku seli zikiwa hai, kuna matumaini. Seli zikiwa zimekufa, hiyo ni sumu tu.

Njia ya udongo imeshatupa dawa kubwa. Kuvu Tolypocladium inflatum, aliyetoka kwenye udongo wa Hardangervidda nchini Norway, ndiye aliyetoa saiklosporini. Marekani iliiidhinisha mwaka 1983. Huzuia mwili kukataa figo iliyopandikizwa, na hutibu baridi yabisi kali. Hata hivyo, isipopimwa vizuri huumiza figo zilezile.

Kwa hiyo, asitokee mtu wa kuchemsha mizizi na udongo wake akidhani anajitibu. Aspergillus terreus hutupa lovastatini ya kushusha kolesteroli, lakini ndugu yake, Aspergillus flavus, hutoa sumukuvu iliyoua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004 kupitia mahindi.

Kuvu aliyekwisha kutambuliwa hukuzwa kwenye matangi bila kubandua gome la mti wowote. Lakini hatambuliwi asipokusanywa, na msitu ukifyekwa, jamii ya viumbe wa mizizini huvurugika pamoja nao. Watafiti wetu wanapohifadhi sampuli za majani na magome ya mitishamba, wahifadhi na udongo wa mizizi yake.