Maji ya mfereji Nairobi: Yanatoka Ndakaini safi, kwako yanafika yakiwaje?

Saa tisa usiku mfereji unakoroma. Sauti hiyo unaijua. Unaruka kitandani, unawasha tochi ya simu, unapanga ndoo, beseni, mitungi na hata ile sufuria ya ugali, kwa sababu ratiba inasema maji ni Alhamisi pekee na Alhamisi iliyopita hayakuja. Dakika za kwanza yanatoka rangi ya chai. Baadaye yanakuwa meupe kama maziwa (hiyo ni hewa tu, ukiyaacha kidogo weupe unapotea), halafu yanatakata. Una kiu. Unakinga kikombe.

Hebu kiweke chini kidogo tuongee.

Katika kila ploti kuna kambi mbili. Kuna yule jamaa wa kujigamba kwamba amekunywa maji ya mfereji tangu akiwa mtoto na hajafa. Na kuna yule dada wa chumba cha mwisho asiyeyatumia hata kupigia mswaki. Nimewahi kuwa kambi ya kwanza, nikahamia ya pili, na siku hizi naona wote wanabishana juu ya swali lisilo sahihi. Swali si kama maji ya Nairobi ni safi. Swali ni safi wapi.

Huko yanakotoka, hali si mbaya. Sehemu kubwa ya maji ya jiji hili, zaidi ya asilimia 80, hutoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, lililokamilika mwaka 1994 na lenye uwezo wa kubeba mita milioni 70 za ujazo. Mengine hutoka Sasumua, Ruiru na chemchemi za Kikuyu. Ya Ndakaini hupitia kituo cha kusafishia cha Ng'ethu. Hapo hutiwa shabu, ndiyo, shabu ile ile ya kinyozi, ili chembe za matope zishikane na kuzama. Kisha huchujwa kwenye mchanga, halafu hutiwa klorini ya kuua vimelea kabla ya kuteremka hadi Gigiri na kugawiwa mitaani.

Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni kikali: katika mililita 100 za maji ya kunywa kusiwe na hata kimelea kimoja cha E. coli, bakteria anayeishi matumboni na ambaye akionekana kwenye maji ujue kinyesi kimepita hapo. Isitoshe, maji yakifika kwa mtumiaji yanatakiwa yawe bado na klorini kidogo, angalau miligramu 0.2 kwa lita, kama askari aliyebaki lindo. Kwa hivyo ile harufu ya bwawa la kuogelea unayoilalamikia ni habari njema. Wasiwasi uanze siku maji yanapofika bila harufu yoyote, yamepoa, yametulia, na yanang'aa.

Shida kubwa iko njiani.

Kwa miaka mingi hesabu imekuwa hivi: jiji linahitaji zaidi ya lita milioni 800 kwa siku, na mitambo inatoa kama milioni 525. Mtaro wa chini ya ardhi wa Murang'a, wenye urefu wa karibu kilomita 12, ulichimbwa ili kuongeza lita milioni 140 kwa siku, lakini watu nao wanaongezeka. Sensa ya 2019 ilihesabu Wanairobi zaidi ya milioni 4.3. Ndiyo maana tangu 2017 tunaishi kwa mgao rasmi. Na mgao, mbali na kukukosesha usingizi, una madhara ambayo watu wengi hawayafikirii.

Bomba lililojaa maji yenye nguvu linajilinda. Likiwa na ufa, maji yanasukuma kwenda nje. Lakini valvu ikifungwa na bomba likabaki tupu siku nne, nguvu hiyo inatoweka, na kilichoko nje kinaanza kuingia. Sasa fikiria bomba lako linapita wapi. Karibu nusu ya maji yanayosafishwa hupotea kabla ya kulipiwa, mengine kwa mivujo, mengine kwa wizi. Tundu lile lile linalopoteza maji Alhamisi ndilo linalonyonya majitaka Jumatatu. Pita Mathare, Mukuru au Kibera utaona mirija ya plastiki imelazwa ndani ya mtaro wenyewe, imeungwa kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Genge linaloiunganisha halilipi bili wala halipimi klorini.

Kuna waliojaribu kulitatua hili kwa akili. Kibera, shirika moja la mtaani limeinua mabomba juu ya nguzo, yanapita angani juu ya mapaa, mbali na mtaro na mbali na mikono ya wezi. Mathare, mwaka 2015 ziliwekwa mashine za kuuza maji kwa kadi, mtungi wa lita 20 kwa senti 50. Linganisha na mtu wa mkokoteni. Hata akikuuzia kwa shilingi 5 tu, bei ambayo wakati wa kiangazi utaitamani, tayari umelipa mara kumi. Na hujui ameyateka wapi.

Lakini tuseme huishi huko. Uko kwenye ghorofa yenye vigae, geti na msimamizi. Basi sikiliza kisa changu.

Mwaka jana binamu yangu alikuja kukaa kwangu akitafuta kazi. Wiki ya pili akaanza kuhara. Tukasema ni mutura wa jioni. Siku ya tatu hakuweza kusimama, macho yameingia ndani, midomo imekauka, na mimi nikimpa maji zaidi kutoka mfereji ule ule. Jirani yetu mmoja, mama wa watoto wawili, ndiye aliyeniokoa na ujinga wangu. Alichemsha maji, akapima lita moja, akatia vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, akamnywesha kidogo kidogo huku mimi nikitafuta pikipiki ya kwenda zahanati. Alipona. Daktari aliniuliza tunakunywa maji gani, nikajibu kwa fahari, "Ya mfereji, daktari, ya kanjo." Akaniuliza tangi letu lilioshwa lini.

Sikuwa na jibu. Msimamizi naye hakuwa nalo. Jumamosi hiyo tulipanda juu ya paa wapangaji wanne. Tangi lilikuwa na kifuniko cha bati kuukuu kilichozuiwa na jiwe. Ndani, matope ya kufika kwenye kifundo cha mguu, manyoya ya njiwa, na kandambili moja ya bluu ambayo hadi leo hakuna aliyekiri kuwa yake. Hayo ndiyo tuliyokuwa tukinywa, kuogea na kupikia chai.

Tulimpigia mwenye nyumba. Alituuliza mbona wengine hawaumwi.

Nililoelewa siku hiyo ni kwamba mfereji wangu haukuwa mfereji wa jiji. Kampuni ya maji hufikisha maji kwenye mita, pale getini. Kuanzia hapo ni tangi la chini, pampu, tangi la juu, na mabomba ya mwenye nyumba. Klorini huisha nguvu kadiri maji yanavyokaa, na huisha haraka zaidi yakikutana na matope. Hata Ng'ethu wakifanya kazi ya malaika, tangi lenye njiwa litaiharibu kwa siku mbili. Fanya jaribio rahisi: maji yakija, onja harufu ya yale ya mfereji wa getini, kisha ya jikoni kwako. Yakiwa na harufu chini na hayana juu, umempata mshukiwa.

Wengine mtaniambia, "Sisi tuna kisima, hatuna shida za mgao." Vizuri, lakini visima vina mambo yao. Vimelea ni suala moja, hasa kisima kikiwa kifupi na karibu na choo cha shimo. Jambo la pili ni floraidi, madini yanayotoka kwenye miamba ya volkeno iliyo chini yetu. Visima vingi vya Nairobi na Bonde la Ufa vinapita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto akiyanywa miaka ile meno yanapoota, meno hutoka na madoa ya kahawia yasiyotoka kwa dawa ya meno yoyote. Ikizidi sana kwa miaka mingi huingia kwenye mifupa. Na hapa ndipo wengi wanapokosea: kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yanapungua kwenye sufuria, floraidi inabaki. Kule Nakuru, Dayosisi ya Kikatoliki imekuwa ikitengeneza vichujio vya mkaa wa mifupa ya ng'ombe ambavyo huinasa. Kama ploti yenu inategemea kisima, dai karatasi ya vipimo vya maabara na utafute mstari wa floraidi. Cheti cha kuchimba si kipimo cha maji.

Sasa, maji yenyewe utayafanyaje leo jioni?

Kuchemsha bado ni mfalme kwa upande wa vimelea. Yakishatokota na kuruka vizuri, inatosha. Kwa kuwa Nairobi iko juu, maji hutokota kabla ya kufika nyuzi 100, lakini joto hilo bado linaua. Huna haja ya kuyaacha dakika kumi ukichoma gesi ya pesa. Gesi imekuwa ghali? Dawa ya maji ya dukani, ile ya klorini ya kifuniko kwa mtungi wa lita 20, ni nafuu zaidi. Soma kibandiko, tia, tikisa, subiri dakika 30. Maji yakiwa na matope, yaache yatulie na uyachuje kwa kitambaa kwanza, la sivyo dawa inapotelea kwenye tope. Na kama huna hata shilingi, chupa safi ya plastiki isiyo na rangi ikilazwa kwenye jua kali saa sita itafanya kazi, mradi maji hayana matope. Siku ya mawingu iache siku mbili.

Halafu usiyaharibu mwenyewe. Hili la kuzamisha kikombe kwenye ndoo, kila mgeni na mkono wake, limerudisha vimelea kwenye maji mengi yaliyochemshwa. Nunua chombo chenye mdomo mwembamba au kibomba chini.

Ya chupa je? Yanasaidia, ila usidanganywe na kifuniko cha bluu. Chupa kubwa hujazwa tena vichochoroni na kurudi dukani. Chukua nambari ya kibali iliyo chini ya nembo ya KEBS, tuma SM# ikifuatwa na nambari hiyo kwa 20023, utajibiwa kibali ni cha nani. Jina likitofautiana na la kwenye chupa, iache hapo kwa shelfu.

Neno kuhusu taifodi, kwa sababu jijini kila homa ni taifodi. Kile kipimo cha haraka cha damu kiitwacho Widal, cha kliniki za mtaani, kinaweza kusema unayo wakati huna. Ukipewa dawa za kuua bakteria mara tatu kwa mwaka kwa karatasi hiyo tu, omba kipimo cha kuotesha vimelea. Kama una mdogo wako au mtoto wa dada, uliza kuhusu chanjo. Julai 2025 serikali ilianza kuwachanja watoto wa miezi 9 hadi miaka 14. Kipindupindu ni kesi nyingine. Mtu anaharisha maji kama ya mchele, usingoje kesho. Kinaua kwa saa chache.

Na usione haya kuuliza maswali kwa wakubwa. Katiba, kifungu cha 43, inakupa haki ya maji safi na salama kwa kiasi cha kutosha, na cha 35 kinakupa haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali. Yaani unaweza kuandika barua kuomba matokeo ya vipimo vya maji ya mtaa wako. Mwenye nyumba naye umuulize kabla hujalipa depositi: tangi liko wapi, lina kifuniko, lilioshwa lini. Tunauliza kuhusu Wi-Fi na paking. Hili hatuulizi.

Kwetu, mwenye nyumba hakutoa kitu. Tulichanga shilingi mia kila chumba, tukamlipa fundi wa mabomba, tukatoa matope ndoo kumi na mbili, tukasugua, tukatia klorini, tukasuuza, tukafunga kifuniko kipya kwa waya. Vyumba vitatu vilikataa kuchanga. Maji tunakunywa wote. Sasa tunaosha kila baada ya miezi sita, tarehe ziko kwenye grupu la WhatsApp la ploti, na Jumamosi hii ni zamu ya chumba namba 14 kupanda ngazi. Chumba namba 14 ni changu. Binamu amesema atashika ngazi chini.