Malezi, Mafunzo na Elimu: Wajibu wa Wazazi, Walimu na Shule

Makusudi ya makala haya ni kuchungua maneno matatu ambayo siku hizi hutumiwa kana kwamba ni kitu kimoja: malezi, mafunzo na elimu. Katika mikutano ya shule husikika malalamiko yale yale. Mzazi humlaumu mwalimu, mwalimu humlaumu mzazi, na wote wawili huilaumu shule, kana kwamba shule ni mtu wa tatu asiyehudhuria. Ugomvi huu una sababu nyingi. Baadhi yake ni za fedha, za vyumba na za vitabu, na hizo si kazi ya mchunguzi wa lugha kuzitatua. Walakini sababu moja imo katika lugha yenyewe. Kazi tatu zilizokuwa na majina matatu, na kila moja na mwenyewe, zimekusanywa chini ya jina moja la elimu, na jina hilo amebebeshwa mwalimu peke yake. Tukitaka kujua nani ana wajibu gani kwa mtoto, yafaa kwanza tujue majina haya yalikuwa ya nani.

Maneno yenyewe

Tuanze na malezi. Kiswahili hutenga kuzaa na kulea. Mzazi ni aliyezaa. Mlezi ni aliyelea, na si lazima awe mtu yule yule. Nyanya, shangazi, mjomba, hata jirani, kila mmoja wao aweza kuitwa mlezi kwa haki. Hati za shule zinazoandika "mzazi au mlezi" zimeshika jambo la kweli katika jamaa zetu. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Wakasema tena mkono mmoja haulei mwana. Methali hizi zimezoeleka hata hazisikilizwi tena, lakini zikiwekwa bega kwa bega hutoa hoja kamili: ya kwanza yasema kulea ni kazi, na ya pili yasema kazi hiyo yashinda nguvu za mtu mmoja. Yaliyomo ndani ya kulea ni kulisha, usafi, kusalimu, kusema kweli, kutumwa na kwenda. Mambo ambayo mtoto huyapata kabla hajaona ubao wala chaki.

Neno la pili ni mafunzo. Shina lake ni funda, na kwa shina hilo tumepata funza, fundisha, jifunza, mafundisho, mwanafunzi na fundi. Funda hutumika hasa kwa mwali anayeelekezwa na kungwi wake, na fundi ni mtu ambaye kazi imemkaa mkononi. Ukoo huu wa maneno waonyesha mafunzo ya kutenda. Mwanagenzi wa seremala hakuhubiriwa habari za randa. Aliishika, akakosea, akasahihishwa. Tena tutazame neno mwanafunzi. Msomaji aweza kusema kwamba mwana hapo si mtoto, maana twasema pia mwanachama, mwanamaji na mwananchi. Ni kweli, lakini katika maneno hayo yote mwana huonyesha mtu aliye wa mahali fulani au wa watu fulani. Basi mwanafunzi si mtu apitaye mlangoni tu, ana wenyewe.

Neno la tatu, elimu, limetoka katika Kiarabu, pamoja na mwalimu. Elimu ilishikamana na kusoma na kuandika. Chuo, kwa asili, ni kitabu. Baadaye likawa jina la mahali kitabu kinaposomwa, na mwenye kukibobea kitabu akaitwa mwanachuoni. Mwalimu wa chuoni, basi, alikuwa mwenye kitabu. Aliheshimiwa, tena alitia adabu, lakini hakuna aliyemdhania kuwa ndiye mlezi wa kwanza wa mtoto. Methali isemayo asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu yastahili kuangaliwa kwa makini hapa. Neno kufunzwa limepewa mama, na anayemfuata mama ni ulimwengu. Mwalimu hakutajwa. Si kwa kumdharau. Ni kwa sababu kosa la adabu lilihesabiwa kuwa deni la nyumbani.

Mapatano ya zamani

Namna kazi hizi zilivyogawanywa yaweza kuonekana katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapishwa Göttingen mwaka 1903 na Carl Velten, ambacho sehemu yake kubwa ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Humo mna habari za mtoto kutiwa chuoni, za jando na za unyago. Katika desturi za pwani, mzazi alimpeleka mtoto kwa mwalimu yeye mwenyewe, na maneno ya mapatano yakasemwa baina yao. Ada aghalabu ilitolewa kwa vituo, mtoto afikapo mahali fulani katika msahafu, mpaka hitima. Malipo hayo, pamoja na kumkimu mwalimu, yalikuwa na kazi nyingine ambayo haikuandikwa popote: yalimjulisha mzazi mwanawe amefika wapi. Baba asiyejua kusoma aliweza kuhesabu safari ya mwanawe kwa ada alizotoa.

Unyagoni ilikuwa vivyo hivyo. Yako mambo ambayo mama huona haya kumwambia binti yake, kwa hiyo alichaguliwa kungwi, au somo kama aitwavyo mahali pengine, ayaseme kwa niaba yake. Ni ajabu njema ya lugha yetu kwamba neno somo ni jina la jambo linalofundishwa na pia ni jina la mtu anayefundisha. Mama hakuacha wajibu wake. Aliukabidhi kwa mtu anayemjua. Wala wako waliosubiri mkono wa mwingine tu. Mwana Kupona binti Msham, katika visiwa vya Lamu karibu na mwaka 1858, alimtungia binti yake utendi mzima wa mafunzo, na utendi huo husomwa mpaka leo.

Hapana haja ya kuyasifu ya kale kupita kiasi. Fimbo ilitumika mno, na mtoto wa mtumwa hakupewa haki sawa na mwana wa muungwana. Tunachokitafuta hapa ni jambo moja tu: aliyempa mwenziwe sehemu ya kazi ya mtoto alimjua mtu aliyempa, na walisemezana.

Shule na wenyewe

Shule ni neno la Kijerumani. Skuli, lisemwalo Unguja na Pemba, ni la Kiingereza. Kila dola ilileta nyumba hiyo pamoja na jina lake. Jambo jipya halikuwa kusoma, maana vyuo vilikuwapo karne nyingi. Jambo jipya lilikuwa kwamba mwalimu aliletwa na mtu mwingine, akalipwa na mtu mwingine, na akahamishwa na mtu mwingine. Mzazi hakumchagua wala hakupatana naye. Mapatano yalikuwa kati ya mwalimu na serikali au misheni. Mzazi alibaki kuwa mleta mtoto.

Wazazi hawakukubali hali hiyo kwa kimya. Mwaka 1955 kiliundwa Tanganyika chama cha wazazi wa Kiafrika, TAPA, kilichofungua shule pale ambapo za serikali na za misheni hazikutosha. Baadaye ndicho kilichokuwa Jumuiya ya Wazazi. Nyingi za shule hizo zilikuwa duni kwa majengo na kwa walimu, walakini zilikuwa na kitu kimoja ambacho shule bora zilikosa: kila mzazi alijua kwamba zikianguka, ameanguka yeye.

Mwaka 1967, katika andiko la Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Julius Nyerere alikumbusha kwamba kabla ya ukoloni watoto wa Afrika walijifunza kwa kuishi na kutenda, na kila mtu mzima alikuwa mwalimu kwa kadiri yake. Akataka shule iwe sehemu ya kijiji, isiwe kisiwa. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na katika shule nyingi za msingi mzazi akaketi jioni juu ya dawati lile lile alilokalia mwanawe asubuhi, mara nyingi mbele ya mwalimu yule yule. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaharakisha elimu ya msingi kwa wote, na wanavijiji wakajenga madarasa kwa mikono yao. Kisha Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ikamlazimu mzazi kumwandikisha mtoto aliyetimiza miaka 7 na kuangalia kwamba anahudhuria mpaka amalize. Sheria ilifanya jema. Lakini sheria husema na mzazi kwa neno "lazima", na mtu aliyelazimishwa aghalabu hutimiza kile alicholazimishwa, asizidishe.

Mchango na bure

Hapo ndipo maneno mawili yalipoingia na kuharibu mambo kidogo kidogo. La kwanza ni mchango. Kuchanga ni kazi ya watu walio sawa: huchanga kwa harusi, huchanga kwa msiba, na aliyechanga ana mahali pake katika shughuli. Mchango wa shule ulianza hivyo, lakini mahali pengi uligeuka kuwa amri, na mtoto ambaye kwao hawakuwa nacho akarudishwa nyumbani. Mchango wa namna hiyo ni kodi iliyovaa nguo ya mchango. Tena ulimfundisha mzazi kwamba sehemu yake katika elimu ya mwanawe ni fedha, na akiisha kuitoa amemaliza.

La pili ni bure. Ada ya shule za msingi Tanzania iliondolewa mwaka 2001, na kuanzia Januari 2016 ada na michango ya lazima ikaondolewa katika shule za serikali mpaka kidato cha nne. Hati za serikali zilisema elimu bila malipo. Vinywa vya watu vilisema elimu bure. Bila malipo lina maana moja. Bure lina mbili: kisicholipiwa, na kisichofaa. Twasema kazi bure, twasema mtu bure, na hatukusudii bei. Wazazi wengi walielewa kwamba sasa mtoto ni wa serikali tangu kalamu mpaka uji wa saa nne. Haikupita miezi mingi, Waraka wa Elimu Namba 3 wa mwaka 2016 ukabidi ueleze wazi wajibu wa kila upande, na kwamba sare, madaftari, kalamu na chakula cha mwanafunzi wa kutwa vimebaki juu ya mzazi. Wala hatuwezi kuwacheka wazazi hao. Ikiwa kwa miaka mingi mtu ameambiwa kwamba sehemu yake ni mchango, siku mchango unapofutwa ana haki ya kudhani kwamba sehemu yake nayo imefutwa.

Lugha kati ya nyumba na shule

Limebaki jambo linalotuhusu zaidi sisi wachunguzi wa Kiswahili. Wajibu haushirikiwi na watu wasiosikilizana. Tangu mwaka 1967 shule za msingi za serikali Tanzania zimefundisha kwa Kiswahili, na kwa hiyo mzazi aliyefika darasa la saba aweza kufungua daftari la mwanawe akaona amekosea wapi. Mtoto aingiapo kidato cha kwanza masomo hugeuka kuwa Kiingereza, na daftari lile hufungwa machoni pa mzazi siku moja. Baba aliyezoea kuuliza leo mmesoma nini huacha kuuliza, maana ajibiwapo haelewi, naye hapendi kuaibika mbele ya mwanawe. Mwalimu naye husema wazazi wa sekondari hawajali. Kutojali na kutoelewa, vikitazamwa kutoka mbali, hufanana.

Vijijini tatizo hili huanza mapema zaidi. Mlezi aweza kuwa nyanya asemaye Kisukuma au Kiiraqw, na Kiswahili cha darasa la kwanza ni mlango mgeni kwake. Na hata pale ambapo wote husema Kiswahili, shule ina Kiswahili chake: mtaala, umahiri, tathmini. Haya ni maneno mazuri, yametungwa kwa bidii na kwa haja. Lakini mwalimu anayesema mkutanoni kwamba tathmini ya mtoto inazingatia umahiri amesema na walimu wenzake. Angesema kwamba siku hizi mtoto hapimwi kwa kukariri peke yake, hupimwa pia kwa kile awezacho kufanya, mzazi fundi cherehani angeelewa mara moja, maana hivyo ndivyo apimavyo wanagenzi wake.

Si nia ya makala haya kuamua ubishi wa lugha ya kufundishia. Ila hata sekondari ikibaki na Kiingereza, hakuna kinachomzuia mwalimu kumweleza mzazi kwa Kiswahili, mara moja kila muhula, mtoto amejifunza nini na amesimama wapi. Hivyo ndivyo zilivyofanya zile ada za chuoni, nazo hazikuhitaji mzazi ajue kusoma.

Basi kama tukiyarudisha maneno matatu kwa wenyewe, mgawanyo wa kazi huwa mwepesi kuuona. Malezi ni ya nyumbani kwanza: mtoto alale, ale, aoge, afike kwa wakati, aseme kweli. Elimu ya kitabu ni ya mwalimu, na mzazi hapaswi kudaiwa asichokijua. Mafunzo, yaani kutenda, ni ya wote wawili, kwa kuwa mtoto hutenda shuleni na hutenda nyumbani. Na shule, ambayo si mtu, ina wajibu wa kuwa mahali ambapo hao wawili hukutana bila ya kuitana kwa sababu ya kosa au ya fedha. Kamati ya shule iliwekwa kwa haja kama hiyo. Jifya moja haliinjiki chungu, na mafya matatu yaliyotawanyika hayakiinjiki vilevile.

Wenye taaluma ya lugha nao wana sehemu yao hapa. Kila istilahi tunayoitungia shule, na tuitungie pia maelezo mafupi ambayo mwalimu aweza kuyasema mbele ya wazazi yakaeleweka. Kazi hiyo ni ndogo kuliko kutunga kamusi, lakini pasipo hiyo mzazi ataendelea kuketi katika mkutano wa shule ya mwanawe kama mgeni.