Jina la Mji na Kumbukumbu Zake

Katika jangwa la New Mexico, Marekani, umo mji mdogo wa maji ya moto ulioitwa Hot Springs hadi mwaka 1950, ulipojitwalia jina la mchezo wa redio wa Ralph Edwards: Truth or Consequences, yaani Ukweli ama Matokeo Yake. Makumbusho ya mji, Geronimo Springs, yamemtengea mtangazaji huyo chumba. Humo pia mna vyombo vya udongo vya watu wa Mimbres. Bakuli zao nyingi zilitobolewa na kuzikwa pamoja na wafu. Geronimo mwenyewe, Mwapache, alifariki mwaka 1909 akiwa mfungwa, mbali na nchi yake. Basi mgeni asiishie kusoma majina. Aulize ni nani aliyeyatoa.