Moshi Mweupe, Maji Yanayopotea: Kweli au Si Kweli?

Hilux kuukuu ya dizeli, tuseme ile yenye injini ya 3L ya lita 2.8, ikianza kumaliza maji na kutoa moshi, hukumu hutoka kabla hata boneti halijafunguliwa: gasketi imekufa, tushushe hedi. Mwenye gari anayelitegemea kubebea kabichi sokoni hukopa, hedi hushushwa, na baada ya muda maji yanapungua vilevile. Inaniuma, maana vipimo vya awali ni rahisi.

"Moshi mweupe ni gasketi." Si kweli, hadi ithibitike. Asubuhi ekzosi baridi hutoa mvuke unaokoma injini ikipata moto. Dizeli isiyoungua vizuri nayo hutoa moshi mweupe: nozeli zimechoka, plagi za kupasha moto hazifanyi kazi, au kompresheni imeshuka. Moshi huo huwasha macho na kunuka mafuta. Wa kulanti una harufu tamutamu, hauishi hata injini ikiwa ya moto, na maji yanashuka kweli. Wa buluu ni oili inayoungua. Mweusi ni mafuta kuzidi hewa.

"Chini hakuna tone, basi maji yanaingia kwenye injini." Si kweli, na hapa ndipo watu wanapoumia zaidi. Wota pampu ina kitundu kidogo karibu na shafti. Sili ikichoka, maji hupenya hapo, yakakaukia kwenye chuma cha moto kabla ya kufika ardhini. Hubaki alama tu: chokaa, kutu, au rangi ya kulanti. Kifuniko cha rejeta nacho, springi ikilegea, huyaachia maji yapande kwenye chupa na kumwagika njiani. Kagua pia kapeti upande wa hita. Likiwa na unyevu, umepata jibu.

Kama bado huoni kitu, omba pampu ya kupimia presha. Injini ikiwa baridi kabisa (kifuniko kisifunguliwe kamwe injini ikiwa ya moto, maji yanaunguza), hufungwa mdomoni mwa rejeta na kujazwa hadi kiwango kilichoandikwa kwenye kifuniko, mara nyingi karibu baa 0.9. Subiri dakika 15. Mshale ukishuka, pita na tochi kila kiungio. Usipoona tone popote, sasa ndiyo ushuku ndani: zitolewe plagi za kupasha moto, injini ipigwe starti, uone kama maji yanaruka kutoka kwenye silinda.

"Oili ikiwa nyeupe, hedi imepasuka." Nusu kweli. Ute chini ya kifuniko cha oili pekee waweza kuwa unyevu wa safari fupifupi. Ukiukuta hadi kwenye dipstiki, usiwashe tena injini.

"Toa thermostati, gari litapoa." Si kweli. Injini hukaa baridi mno, dizeli haiungui vizuri, na moshi mweupe ule ule unazidi. Tena kwenye injini nyingi thermostati ndiyo inayofunga njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji hurudi bila kupitia rejeta, na mlimani gari linachemsha.

"Huku hakuna barafu, maji matupu yanatosha." Si kweli. Kulanti huzuia kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka. Maji ya kisima chenye chumvi, kama vingi vya pwani, hula rejeta upesi.

"Mapovu kwenye rejeta ni gasketi." Hili lina ukweli, ikiwa hewa ya kujaza maji imeshatoka na mapovu bado hayakomi, au hozi ya juu inakuwa ngumu muda mfupi baada ya kuwasha injini baridi. Kipo kimiminika cha buluu kinachobadilika rangi kikikutana na gesi ya ekzosi inayotoka kwenye rejeta. Kikibadilika, mwambie fundi ashushe hedi, na kabla ya gasketi mpya hedi ipimwe kama imepinda au ina ufa.