Asidi ya yuriki: nyama imebebeshwa kosa la wengi

Mtu mzima wa Bariadi akiamka usiku dole gumba la mguu limevimba na linawaka moto, hata shuka likiligusa anapiga kelele, nyumbani hutajwa mshtakiwa mmoja: nyama. Haishangazi. Simiyu ni mkoa wa ng'ombe na pamba, na ununuzi wa pamba unapofunguliwa mwezi Mei, supu ya asubuhi na nyama choma ya jioni hupata wateja wengi. Nyama ina kosa lake, sikatai. Ila soda, bia na kitambi vimeachwa vitembee huru, na hapo ndipo watu wengi wanapoumia.

Kila seli ya mwili ina purini, malighafi inayojenga vinasaba na kubeba nishati. Seli zikichakaa, purini huvunjwa na mabaki yake ya mwisho ni asidi ya yuriki. Sehemu kubwa ya asidi hiyo hutoka ndani ya miili yetu wenyewe. Chakula huongezea tu. Figo hutoa kama theluthi mbili kwa njia ya mkojo, na inayobaki hupitia matumbo. Ng'ombe anayelishwa Meatu ana kimeng'enya cha kuivunja zaidi ili itoke kwa urahisi. Binadamu tulipoteza kimeng'enya hicho mamilioni ya miaka iliyopita, ndiyo maana kiwango chetu kiko juu kuliko cha wanyama wengi.

Ikizidi miligramu 6.8 hivi kwa desilita ya damu, asidi hii inaweza kuganda kwenye viungo, kama sukari iliyozidi kwenye chai iliyopoa. Dole gumba liko mbali na moyo na lina ubaridi, kwa hiyo mara nyingi huanza kuumia lenyewe. Hiyo ndiyo gauti, au jongo. Maabara nyingine huandika kwa mikromoli: ukiona 460 kwenye karatasi yako, gawanya kwa 59.5 utapata 7.7, yaani umevuka mpaka.

Sasa soda. Nusu ya sukari ya mezani ni fruktosi. Ini huishughulikia fruktosi kwa kasi bila kizuizi, likitumia akiba yake ya nishati, na mabaki ya nishati hiyo hugeuka asidi ya yuriki. Njia hiyohiyo hutengeneza mafuta yanayojazana kwenye ini. Kwa hiyo chupa moja ya soda inafanya madhara mawili kwa pamoja, na mnywaji hakugusa hata mshikaki. Bia nayo ina purini zake, na pombe yoyote huzifanya figo zishindwe kuitoa asidi ipasavyo.

Kitambi kinakamilisha kazi. Mafuta ya tumboni huufanya mwili uwe mzito kuitikia insulini, nayo kongosho hulazimika kumwaga insulini nyingi zaidi. Insulini nyingi huziambia figo ziishikilie asidi ya yuriki badala ya kuitoa. Ndiyo sababu asidi hii huonekana sana kwa watu wenye presha, kisukari cha ukubwani na mafuta kwenye ini.

Je, asidi yenyewe ndiyo inayoleta magonjwa hayo? Hapa wataalamu wamebishana kwa miaka. Mwaka 2008 utafiti wa Marekani kwa vijana 30 waliokuwa wameanza kuugua presha ulionyesha kwamba alopurinoli, dawa inayoshusha asidi ya yuriki, ilishusha na presha yao. Matumaini yakapanda. Lakini mwaka 2020 majaribio mawili makubwa zaidi yalionyesha kuwa dawa hiyo haikuzuia figo kuendelea kudhoofika, na mwaka 2022 jaribio la Uingereza kwa wagonjwa wa moyo zaidi ya 5,700 halikuonyesha faida kwa moyo. Msimamo wangu ni huu: asiye na maumivu wala mawe ya figo hahitaji vidonge kwa sababu ya namba peke yake. Anahitaji kuuliza kwa nini namba imepanda. Mwenye gauti inayorudiarudia ni habari nyingine; alopurinoli inamfaa, akianzishwa na daktari kwa dozi ndogo, na akitokwa na vipele aache mara moja na arudi hospitali.

Kinachonitia hofu zaidi ni diklofenaki ya dukani, dawa ya kutuliza maumivu. Mtu anameza miezi kadhaa bila kupimwa, na ikiwa tayari ana presha au kisukari, figo zake zinaharibika kimyakimya. Pia zipo dawa halali zinazopandisha asidi hii: baadhi ya dawa za presha zinazoongeza mkojo, na pirazinamidi ya kifua kikuu. Usiziache kwa uamuzi wako, mweleze aliyekuandikia.

Kuhusu chakula, kuna ushauri mmoja unaowanyima watu lishe bure, ule wa kuacha maharage. Utafiti wa Boston uliochapishwa mwaka 2004, uliofuatilia wanaume zaidi ya 47,000 kwa miaka 12, ulikuta walaji wakubwa wa nyama na samaki wanapata gauti zaidi, lakini purini za mboga na kunde hazikuongeza hatari, na maziwa yaliipunguza. Kwa hiyo choroko, maharage na mlenda vibaki mezani, na maziwa mgando yarudi kwenye heshima yake. Maini, figo na utumbo ndivyo vya kupunguza. Dagaa wa Busega wana purini nyingi, basi mgonjwa wa gauti ale kidogo, ila asiwaondolee watoto. Anayechuma pamba juani abebe maji ya kunywa, kwa sababu mwili mkavu huishikilia asidi hii na kutengeneza mawe ya figo.

Ukienda kupima asidi ya yuriki, omba siku hiyohiyo upimwe presha, sukari na kreatinini ya figo, na mzunguko wa kiuno chako pia.