Kondo la Nyuma, Kumbe Lilitangulia

Asubuhi moja huko Makwale, wilayani Kyela, bibi mmoja alikuwa amekaa kwenye kigoda chini ya mikakao yake, akipasua matunda kwa kipande cha mti. Mjukuu wake, msichana wa miaka 11, alikwangua mbegu nyeupe zenye utelezi na kuzitia kwenye sanduku la mbao. Mama yake msichana huyo alikuwa mjamzito na tumbo lilikuwa limeshaonekana. Mtoto akauliza swali ambalo wengi wa rika lake hulimeza kwa aibu.

"Bibi, mtoto ameshikilia nini mle ndani asidondoke?"

Kuna wakubwa ambao wangemjibu kwamba watoto hununuliwa hospitali. Bibi hakumdanganya. Aliokota tunda lililopasuka, akamwonyesha uti mweupe unaopita katikati, ambao kila mbegu imeshikamana nao.

"Unaona? Mbegu inakula kupitia hapa. Mtoto naye ana uzi wake, mjukuu wangu. Na huo uzi una mizizi."

Bibi alisema kweli, na mimi nataka kuwasimulia jinsi mizizi hiyo inavyoota. Saa yetu itakuwa sanduku lile la kakao. Mbegu zikishajaa, hufunikwa kwa majani ya mgomba na kuachwa zivunde kwa siku tano au sita, huku zikigeuzwa ili joto lienee. Tuseme basi kwamba siku ileile bibi anafunika sanduku, mahali fulani yai la mama linakutana na mbegu ya baba.

Yai hilo ni dogo mno. Upana wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita, karibu sawa na unene wa unywele. Chukua punje moja ya mchele wa Kyela uiweke kiganjani: ungehitaji mayai kama 60 kuyapanga kutoka ncha hadi ncha. Hata hivyo yai ni kubwa sana mbele ya mbegu za kiume. Hizo huanza safari zikiwa mamilioni, zinazofika karibu na yai ni mamia tu, na inayoingia ni moja. Mara inapoingia, yai hubadilika ili nyingine zisipite. Kromosomu 23 za mama, yaani nyuzi zinazobeba urithi, hukaa pamoja na 23 za baba, na hapo panakuwa na seli moja ambayo haijawahi kuwapo duniani.

Mkutano huo haufanyiki ndani ya mji wa mimba. Hufanyika kwenye mrija wa uzazi, mfereji mwembamba wenye urefu wa sentimita 10 hivi, unaoanzia karibu na kifuko cha mayai. Kwa hiyo seli hiyo mpya ina safari, nayo haina miguu wala mkia. Mrija wenyewe ndio unaoisukuma. Ndani una vinyweleo visivyoonekana kwa macho, vinavyopunga pamoja kuelekea upande mmoja kama mpunga unapopigwa na upepo wa ziwani.

Ikiwa njiani, seli inagawanyika. Baada ya siku moja na kitu zinakuwa mbili. Siku ya tatu zinakuwa kama nane. Siku ya nne ni kifundo kidogo cha seli zilizobanana. Hapa wengi hukosea, wakidhani kinachosafiri kinanenepa. Hakinenepi. Ni kama bonge moja la udongo ambalo mfinyanzi wa Ikombe analikata vipande, kisha vipande tena: vinazidi kuwa vingi, udongo ni uleule. Kingenenepa kingekwama mrijani.

Sasa subirini, maana hapa ndipo penye jambo lenyewe. Yai la kuku lina kiini kikubwa cha njano, chakula cha kumtosha kifaranga siku zote 21. Ziwani Nyasa, kwenye miamba, kuna samaki wadogo wa rangi za kupendeza ambao mama huyabeba mayai yake mdomoni. Anaweza kukaa hivyo wiki tatu, mashavu yamevimba, akiwalinda wanawe. Lakini hata yeye hawapi chakula; kila yai lina akiba yake. Yai la binadamu halikupewa akiba ya namna hiyo. Chakula chake kinatosha siku chache tu. Likichelewa kufika pa kula, linakufa. Ndiyo maana sisi tunahitaji mji wa mimba, na tunahitaji kushikamana nao.

Siku ya tano, kakao ikiwa bado inafukuta chini ya majani ya mgomba, kile kifundo kimeshaingia katika mji wa mimba. Kina seli kama mia moja hivi, na ndani kina uwazi wenye maji. Na kwa mara ya kwanza seli zake zimegawana kazi. Wachache wamekusanyika upande mmoja, ndani. Walio wengi wamejipanga nje kama ukuta. Watu wa sayansi hukiita kiinitete.

Niambieni, mtoto ni yupi kati ya hao?

Ni wale wachache wa ndani. Moyo wako, macho yako na vidole unavyofunulia ukurasa huu vilitoka kwao. Wale wa nje, walio wengi, hawatakuwa mtoto kamwe. Kazi yao ni kujenga mizizi, yaani kondo. Sisi Waswahili tunaliita kondo la nyuma kwa sababu siku ya kuzaliwa hutoka baada ya mtoto. Kumbe ndilo lililotangulia! Kabla hapajawa na moyo, kabla hapajawa na kichwa wala mgongo, tayari kuna seli zinazojiandaa kumshika mama. Mimi nimelisoma jambo hili mara nyingi na bado linanigusa.

Siku ya sita hivi, kiinitete kinatoboa ganda jembamba lililokizunguka tangu kikiwa yai, kinatoka na kugusa ukuta wa mji wa mimba. Ukuta huo kwa wakati huo ni laini, umejaa damu na utomvu wenye lishe. Wakulima wa Kyela wanajua kwamba mche wa mpunga haukubali udongo wakati wowote tu; jaruba lazima liwe limeiva kwa maji. Mji wa mimba nao una siku zake chache za kupokea kila mwezi. Kiinitete kikifika siku hizo kinagandama. Seli za nje zinaungana, zinachimba, zinapenya katikati ya seli za mama. Kufikia siku ya 12 kimezama kabisa, na tundu kilikopitia limezibwa.

Tunasema kimejipandikiza. Shambani, mkono wa mtu ndio unaong'oa mche kitaluni na kuuchomeka kwenye tope la jaruba. Hapa hakuna mkono, hata pale daktari anaposaidia. Mwaka 1978, huko Oldham nchini Uingereza, alizaliwa Louise Brown, mtoto wa kwanza ambaye yai la mama na mbegu ya baba vilikutanishwa nje ya mwili, ndani ya chombo. Jean Purdy, aliyefanya kazi hiyo pamoja na Robert Edwards na Patrick Steptoe, ndiye aliyeona kwanza kiinitete kile kikigawanyika chini ya hadubini. Kilipofikia seli nane walikiweka ndani ya mji wa mimba wa mama yake. Mwaka 2006 watoto wa namna hiyo walizaliwa Nairobi pia. Watu huiita kazi hiyo upandikizaji mimba, lakini daktari anaweka tu. Kushikamana ni kazi ya kiinitete na mama, na daktari anasubiri siku kadhaa kama anavyosubiri kila mtu.

Na mama anajuaje kwamba amepata mgeni? Anaambiwa. Seli zile za nje hutoa homoni inayoingia katika damu ya mama na kufika kwenye kifuko cha mayai, pale yai lilipotokea. Pale pamebaki kitu kama kovu la njano, linalotengeneza homoni ya kuushikilia ukuta laini wa mji wa mimba. Bila ujumbe, kovu hilo hufifia baada ya wiki mbili hivi, ukuta unabomoka, na hiyo ndiyo hedhi. Ujumbe ukifika, kovu linaendelea na kazi na hedhi haiji. Kile kipimo cha mimba cha mkojo mnachokiona dukani kinanasa ujumbe huohuo.

Mwanzoni chakula cha kiinitete si damu bado. Tezi za ukuta wa mji wa mimba hutoa utomvu wenye lishe, na wataalamu wengine huuita maziwa ya mji wa mimba. Damu ya mama huja baadaye, ikizunguka mizizi ya kondo. Haichanganyiki na ya mtoto. Kati yao kuna ukuta mwembamba. Chakula na hewa vinapita, uchafu unarudi.

Lazima niseme pia kwamba si kila kiinitete kinashika. Tazameni mkakao: unatoa maua maelfu kwenye shina lake, na yanayogeuka matunda ni machache. Hata vitunda vichanga vingine hukauka na kuwa vyeusi mtini, bila mtu kuvigusa. Viinitete vingi navyo hupotea katika siku hizi za mwanzo, mara nyingi mama hata hajajua. Si kosa lake, wala si jicho la jirani. Mara chache kiinitete hujishika ndani ya mrija, mahali pasipo na nafasi ya kukua. Hiyo ni hatari kubwa. Mwanamke mwenye mimba changa anayeumwa sana tumbo upande mmoja, au anayezimia, apelekwe hospitali saa hiyohiyo.

Bibi alifunua sanduku lake siku ya sita. Mbegu zilikuwa zimegeuka rangi ya kahawia, na harufu kali ya siki ikapanda. Yeye na mjukuu wake wakazianika kwenye mkeka. Mtoto akashika kitovu chake kupitia gauni.

"Kwa hiyo uzi wangu ulikuwa hapa?"

"Hapo hapo. Na kondo lako lilizikwa hapa Makwale."

Wiki mbili baada ya kiinitete kujishika, moyo huanza kupiga. Ni kama siku ya 22 tangu yai lilipokutana na mbegu. Kufikia siku ya 28 mfereji utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo umefungwa, na mtoto mzima ana urefu wa milimita nne tu, mfupi kuliko punje ya mchele. Mfereji huo ukikosa kufungwa vizuri, mtoto anaweza kuzaliwa na mgongo wazi. Asidi ya foliki, aina ya vitamini iliyomo katika maharage na mboga za majani, hupunguza hatari hiyo, na mwanamke anayepanga kupata mtoto hushauriwa anywe mikrogramu 400 kila siku kabla hata mimba haijatunga. Mchele wa shambani kwetu na ndizi zetu haviongezwi vitamini hiyo kama unga wa viwandani. Basi dada zenu na mama wadogo wakisema wanataka mtoto, waambieni waende kliniki sasa, wasisubiri tumbo lionekane. Siku ya 28 ikifika, wengi bado hawajui kama wana mimba.